Koji, Mlezi wa Dawa za Kuvu Nyingine

Jokichi Takamine alizaliwa mwaka 1854 katika mji wa Takaoka, Japani. Baba yake alikuwa tabibu, na mama yake alitoka katika ukoo wa wapika sake. Alipohamia Marekani mwaka 1890 alikuwa na jambo moja la kuwaonyesha watengenezaji wa wiski. Wao walivunja wanga wa nafaka kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa na kukaushwa. Kwao Japani sake haikuhitaji kimea. Wapishi walinyunyiza vumbi la kuvu iitwayo koji juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, wakauweka mahali pa joto mpaka kila punje ikavikwa utando mweupe. Kuvu ile hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ndipo hamira inapopata cha kugeuza kuwa pombe.

Takamine alikwenda Peoria, jimbo la Illinois, mji uliojulikana kwa wiski. Wauza kimea waliona riziki yao inaondoka. Kiwanda alimofanyia majaribio kiliteketea kwa moto, na mwishowe mpango wake wa wiski ukakwama. Hakukata tamaa. Mwaka 1894 alipata hataza ya vimeng'enya vya koji, ya kwanza nchini Marekani kwa kimeng'enya kilichotoka kwa kiumbe mdogo asiyeonekana vizuri kwa macho, na kampuni ya Parke-Davis ikauza unga wake kwa jina la Taka-Diastase kama dawa ya tumbo lisilosaga chakula vizuri. Kimeng'enya kikuu katika unga huo kilikuwa amilasi, kivunja-wanga. Jeni ya amilasi hiyo itakuja kufanya kazi ambayo Takamine hakuiwazia.

Lakini koji haikuanza na Takamine. Huko Japani, kwa mamia ya miaka kabla yake, palikuwa na nyumba zilizoishi kwa kuuza mbegu za koji tu. Zilikuwa na siri yao: kuchanganya majivu ya kuni katika wali wa kuoteshea, kwani majivu huwadhuru vijidudu wengine na kuiacha koji ikistawi na kuzaa mbegu nyingi. Jijini Kyoto chama cha watengenezaji wa koji kilichokuwa chini ya hekalu la Kitano kilishika biashara hiyo kwa nguvu kiasi kwamba mwaka 1444 mgogoro juu yake uligeuka kuwa vurugu, na sehemu ya hekalu ikaungua. Kizazi baada ya kizazi watu hao walihifadhi kuvu iliyovunja wanga upesi na kutoa harufu nzuri, na kuitupa iliyoharibu ladha. Mwaka 1876 Hermann Ahlburg, Mjerumani aliyefundisha Tokyo, aliielezea kisayansi. Leo inaitwa Aspergillus oryzae.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kushtuka akilisikia jina hilo la kwanza. Aspergillus flavus, kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ndiyo inayotoa sumukuvu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Koji ni ndugu wa kuvu hiyo, tena wa karibu sana. Wataalamu wengi huiona kuwa ni ile ile iliyofugwa. Jenomu ya koji ilipochapishwa Desemba 2005 katika jarida la Nature, ikiwa na herufi zipatazo milioni 37 na jeni zipatazo 12,000, mabaki ya jeni za sumukuvu yalionekana humo, lakini hayafanyi kazi. Mwaka 2012 kundi la Antonis Rokas wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt liliwalinganisha ndugu hawa wawili. Lilikuta kwamba ufugaji umezidisha nguvu za koji katika kuvunja wanga na umezizima kwa kiasi kikubwa jeni za kutengeneza kemikali za kujihami.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha historia hii yote. Maabara za karne yetu zilipohitaji kuvu tulivu, salama, isiyo na kemikali nyingi za kwake, zilikuta imeshaandaliwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Zilihitaji kuvu ya namna hiyo kwa nini? Kuvu haina miguu ya kukimbilia wala meno ya kung'atia. Hujilinda, hushambulia na hujitafutia nafasi kwa kemikali. Penisilini ni mojawapo, na mwanadamu ameifaidi kuliko karibu nyingine zote. Alexander Fleming aliiona London mwaka 1928; Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wakaithibitisha Oxford kwa panya mwezi Mei 1940. Vita vilipoibana Uingereza, Florey na Heatley walisafiri mwaka 1941 kwenda Marekani kutafuta viwanda, na safari ikawafikisha Peoria ile ile ya Takamine, katika maabara ya wizara ya kilimo. Huko kuvu ililishwa maji yanayobaki baada ya kuroweka mahindi viwandani, na mavuno yakapanda. Mwaka 1943 tikiti lililoota ukungu likatoa aina bora zaidi ya kuvu ya penisilini. Kisha kuvu hiyo ikapigwa kwa miale ya eksirei na ya urujuanimno ili jeni zake zibadilike ovyo, na kila mara watafiti wakachagua chache zilizozidisha dawa.

Njia hiyo iliokoa mamilioni ya watu, lakini ilikuwa kazi ya kubahatisha, na ilihitaji kuvu inayokubali kuoteshwa, kupigwa miale na kuchaguliwa. Kuvu nyingi hazikubali. Nyingine hukua taratibu mno. Nyingine hutoa kemikali yake zikiwa porini tu, na ndani ya chupa ya maabara hunyamaza. Uyoga una ugumu wake wa pekee, ambao tutakutana nao baadaye.

Mlango wa pili ulifunguliwa na wanajenetiki. Guido Pontecorvo, Mwitalia aliyehamia Glasgow, alikuwa ameifanya Aspergillus nidulans kuwa kuvu ya kufundishia urithi. Makala yake kubwa juu yake ilitoka mwaka 1953. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1983, Ballance, Buxton na Geoffrey Turner walifaulu kuingiza ndani ya kuvu hiyo jeni iliyotoka kwa kuvu nyingine, Neurospora crassa. Jeni ikaanza kufanya kazi katika makao yake mapya.

Halafu ukaja ugunduzi uliorahisisha kila kitu. Katika kuvu, jeni zinazoshirikiana kutengeneza kemikali moja mara nyingi hukaa pamoja kwenye kromosomu, jirani kwa jirani. Ukimpata mmoja, umewapata wote. Jeni tatu za penisilini zilikutwa zimepangana hivyo, na mwaka 1990 Smith, Turner na wenzao wakachapisha jaribio ambalo mpaka leo nalisoma kwa heshima. Walichukua kipande cha DNA ya Penicillium chrysogenum chenye jeni hizo wakakiingiza katika Neurospora crassa na katika Aspergillus niger. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotengeneza penisilini kwa asili. Zote mbili zikaitengeneza.

Kwetu mfugaji huweka mayai ya bata chini ya kuku atamie, na kuku huwalea vifaranga wasio wake. Kuanzia 1990 ilijulikana kwamba kuvu nayo inaweza kulea kisicho chake, na kuvu inayopokea jeni za mwenziwe huitwa kuvu mwenyeji.

Wajapani waliuona upesi uwezo mwingine wa mbinu hii, uwezo wa kutambua. Mwaka 1996 Isao Fujii, Yutaka Ebizuka na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tokyo walikuwa na jeni kutoka Aspergillus terreus ambayo kazi yake haikuwa imethibitishwa. Waliiweka ndani ya A. nidulans, na mwenyeji akaanza kutoa asidi iitwayo 6-methilisalisiliki. Jeni ikawa imejitaja yenyewe.

A. terreus hiyo hiyo ndiyo chanzo cha lovastatini, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa utulivu. Akira Endo, mtoto wa familia ya wakulima wa Akita, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo. Aliamini kwamba baadhi ya kuvu hujihami kwa kuziba njia ambayo viumbe wengine huitumia kutengenezea kolesteroli au mafuta yanayofanana nayo. Alipima aina zipatazo 6,000, na mwaka 1973 akapata kompaktini kutoka Penicillium citrinum. Kampuni ya Merck ikafuata na lovastatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, dawa ya kwanza ya jamii ya statini kuuzwa. Ni wagonjwa wengi mno wa moyo walioongezewa miaka na jamii hiyo ya dawa. Endo alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 90.

Swali lililobaki lilikuwa: kuvu inaitengenezaje? Kimeng'enya kikuu, LovB, ni kikubwa ajabu. Kinaunga vipande vidogo vya kaboni kimoja baada ya kingine, na kila kinapounga huamua kama kiache kiungo kilivyo, kikipunguze au kikikunje. Zaidi ya hatua 30 hupita ndani ya kimeng'enya hicho kimoja. Mwaka 1999, katika jarida la Science, Jonathan Kennedy, Richard Hutchinson wa Wisconsin, John Vederas wa Alberta na wenzao walieleza walichokiona walipoiweka jeni ya LovB peke yake katika A. nidulans. Mwenyeji alitoa vitu, lakini havikuwa vile vilivyotarajiwa. Mnyororo ulikuwa umeanza vizuri, kisha ukapotea njia na kujifunga kabla ya wakati. Wakaongeza jeni moja ndogo ya jirani, lovC. Mara hii mwenyeji akatoa kiini halisi cha lovastatini. LovB, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa na sehemu moja iliyokufa, na LovC ndiyo iliyokuwa ikija kila ilipohitajika kuifanya kazi ya sehemu hiyo.

Katika A. terreus yenyewe, ambako kila kitu hutokea kwa pamoja, ushirikiano huo usingeonekana wazi namna hii. Ilibidi jeni zihamishwe ugenini, zipewe nafasi moja moja, ndipo ijulikane nani anafanya nini.

Katika hatua hii koji inarudi, na safari hii haiji kwa ajili ya pombe. Mwaka 2004 Katsuhiko Kitamoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walieleza aina ya koji waliyoiita NSAR1. Walikuwa wameinyima uwezo wa mambo manne: kutumia nitrati, kutumia salfati, kujitengenezea arginini na kujitengenezea adenini. Unaweza kujiuliza kwa nini mtu aifanye kuvu kuwa dhaifu hivyo. Sababu ni kwamba kila upungufu ni nafasi ya kuingizia jeni ngeni. Mtafiti huyeyusha ukuta wa seli kwa vimeng'enya, huziacha seli bila ukuta katika maji yaliyosawazishwa ili zisipasuke, kisha huongeza DNA. Kila kifurushi cha DNA kinabeba jeni anazotaka pamoja na jeni moja ya kuponya upungufu mmojawapo. Seli isiyokipokea haiwezi kukua kwenye chakula kilichoandaliwa. Kwa mapungufu manne, unaweza kuingiza vifurushi vinne na kuwa na hakika na vyote.

Na swichi ya kuziwasha jeni hizo? Kwa kawaida hutumika ile ya jeni ya amilasi, kimeng'enya cha unga wa Takamine. Koji ikionja wanga au sukari ya maltosi huiwasha jeni hiyo kwa nguvu, kama ilivyozoeshwa katika vyumba vya sake. Ukiifunga swichi hiyo kwenye jeni ya kuvu nyingine, koji itatengeneza kitu kigeni kwa bidii ile ile.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, ndio walioitumia koji kwa ujasiri mkubwa. Russell Cox, Tom Simpson, Colin Lazarus na wenzao walianza na tenelini, rangi ya njano ya Beauveria bassiana, kuvu inayoua wadudu na ambayo wakulima wengine huitumia kama kiuatilifu. Mwaka 2010 waliripoti kwamba jeni zake zote nne zilizowekwa ndani ya koji zilitoa tenelini kamili. Huko Japani Ikuro Abe na Hideaki Oikawa walikuwa wakipita njia hiyo hiyo na kemikali nyingine. Lakini kazi zote hizi zilihusu kuvu za kundi moja pana na koji. Uyoga ulikuwa bado.

Uyoga wenyewe ulikuwa umesubiri tangu mwaka 1951. Mwaka huo Frederick Kavanagh, Annette Hervey na William Robbins wa Bustani ya Mimea ya New York waliripoti kiuavijasumu kutoka uyoga mdogo, wakakiita pleuromutilini. Kinashika ribosomu ya bakteria, mashine ya kutengenezea protini, mahali ambapo amino asidi huunganishwa, na kuisimamisha. Nakiona kuwa mojawapo ya viuavijasumu vilivyopuuzwa kupita kiasi. Mwaka 1979 kizazi chake cha kwanza, tiamulini, kilianza kutumika, lakini kwa mifugo tu, hasa nguruwe na kuku. Binadamu alisubiri mpaka 2007, retapamulini ilipoidhinishwa, nayo ilikuwa marhamu ya kupaka ngozi.

Kwa kuwa pleuromutilini hupatikana kwa kuotesha uyoga wa Clitopilus passeckerianus, kuongeza mavuno kulimaanisha kuubadilisha uyoga huo, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Seli ya uyoga huwa na viini viwili, kila kimoja kutoka kwa mzazi wake, visivyoungana. Ukiibadilisha jeni katika kiini kimoja, kingine bado kinabeba nakala ya zamani. Mbinu za miale zilizoikuza penisilini hugonga mwamba hapo.

Kundi la Bristol likiwa na Andy Bailey na Gary Foster lilitafuta jeni za pleuromutilini likazipata, saba, zikiwa zimekaa pamoja. Kwanza lilijaribu njia ya adabu: kuzipa nguvu jeni hizo ndani ya uyoga wenyewe. Mavuno hayakupanda hata kidogo. Ndipo wakazichukua jeni zote saba na kuzijenga upya ndani ya koji. Koji na uyoga viliachana kwenye ukoo wao mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na haikuwa hakika kwamba mmoja angeelewa maagizo ya mwingine. Jeni za uyoga huwa na vipande vya katikati vinavyopaswa kukatwa kabla maagizo hayajasomwa, na kuvu za upande wa koji mara nyingi huvikata vibaya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika Scientific Reports. Koji ilitengeneza pleuromutilini, na ongezeko la mavuno lilikuwa asilimia 2,106. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kundi zima la jeni za uyoga kufanya kazi ndani ya kuvu ya upande huo wa ukoo.

Napenda tuitazame tarakimu hiyo kwa makini. Kuvu iliyochaguliwa na watengeneza sake, ambayo haijawahi kuwa na sababu yoyote ya kuijua pleuromutilini, iliizidi kwa mbali kuvu yenye jeni hizo kwa asili. Uyoga huitengeneza dawa kwa kiasi kinachoutosha wenyewe katika maisha yake. Koji haina mazoea yoyote na dawa hiyo. Ina swichi zilizowashwa, ina chakula tele na ina desturi ya kumwaga vimeng'enya bila kubana.

Mwaka uliofuata Fabrizio Alberti na wenzake, katika Nature Communications, waliipa koji jeni hizo kwa mafungu: hizi bila zile, kisha na moja zaidi. Kila fungu lilisimamisha kazi mahali tofauti, na hatua za kujenga pleuromutilini zikaonekana kwa mpangilio wake. Walifanya zaidi ya hapo. Waliilisha koji molekuli zilizobadilishwa kidogo kikemia, ikazikamilisha, na katika zilizotoka wakapata aina mpya yenye nguvu zaidi dhidi ya bakteria.

Agosti 2019 Marekani iliidhinisha lefamulini, ya kwanza katika jamii ya pleuromutilini kupewa binadamu kwa mdomo au kwa mshipa, kwa ajili ya nimonia. Wakati bakteria sugu wanaongezeka hospitalini, jamii ya dawa ambayo haijachakazwa na usugu ni mali kubwa, na kuweza kuibadilisha ndani ya kuvu inayolelewa kwa urahisi kunazidisha thamani yake.

Wakati huo huo, kuvu wenyeji wengine nao wameongezeka. Huko Madison, Wisconsin, Nancy Keller na washirika wake waliweka vipande vikubwa vya DNA ya kuvu katika kromosomu za kutengenezwa na kuviingiza katika A. nidulans. Mwaka 2017 waliripoti makundi 56 ya jeni yaliyojaribiwa hivyo, na kemikali 15 zilizogunduliwa. Mwaka 2018 watafiti waliokusanyika Stanford walitumia hamira kama mwenyeji wa makundi 41 kutoka kuvu mbalimbali, uyoga ukiwemo. Makundi 22 yalitoa kemikali iliyoweza kupimwa. Yale 19 yaliyobaki yalinyamaza, na kila moja kati yake linaweza kuwa linasubiri mwenyeji mwingine, swichi nyingine, au jeni moja ndogo ya jirani iliyoachwa nyuma, kama lovC.